Siku Pikapu ya Baba Ilipokwama Kwenye Minyaa

Juzi asubuhi niliamshwa na harufu ya minyaa. Mtu ambaye hakukulia huku kwetu haijui. Ni harufu kali yenye uchungu kwa mbali, kama majani mabichi yaliyomwagiwa maziwa yaliyoanza kuchacha, na ukiisogelea macho yanawasha hata kabla utomvu haujakugusa. Nikatoka nje na mswaki mdomoni. Wale jamaa wa barabara walikuwa wamefika na greda lao, wanang'oa kipande cha mwisho cha ua wa minyaa mtaani kwetu ili lami ipite. Greda likatema moshi wa dizeli, moshi ukachanganyika na ile harufu, na mimi papo hapo nikawa na miaka tisa, nimesimama nyuma ya pikapu, napiga kelele: "Rivasi, Baba! Weka rivasi!"

Ngoja niwaeleze. Mwalimu wangu wa Kiswahili sekondari aliandika kwenye ripoti kwamba nina haraka ya kufika mwisho, na alisema kweli. Lakini hii nitajitahidi kwenda nayo taratibu, maana bila utaratibu haina utamu.

Wakati huo mtaa wetu, hapa pembeni mwa Bariadi, ulikuwa nusu mji nusu kijiji. Barabara kubwa ilikuwa ya vumbi, na kutoka pale kwenye ghala la pamba hadi nyumbani kwetu hapakuwa na barabara kabisa. Palikuwa na njia ya ng'ombe. Ilipita katikati ya nyua mbili za minyaa, kulia ua wa bibi yangu, mama yake Baba, kushoto ua wa jirani yetu Mzee Luhende. Kila jioni ng'ombe walirudi kwa njia hiyo kutoka lamboni kunywa maji, kwato zao zikitimua vumbi jekundu, na sisi watoto tukijibanza kwenye vilango vya nyua kuwapisha.

Ndiyo miaka ile mambo yalipofunguliwa. Zamani pamba ilinunuliwa na ushirika tu, unapeleka, unasubiri, unasubiri tena. Ghafla wakaja wanunuzi binafsi na malori yao, kila mmoja na honi yake, na sisi watoto tukawa tunayajua malori kwa honi kama tunavyojua majogoo ya nyumba kwa nyumba. Maduka yakajaa vitu. Watu wakaanza kuvaa raba. Na Baba, ambaye mpaka hapo alikuwa mtu wa ng'ombe na baiskeli, akaanza kusema wakati wa kula: "Mwenye gari lake hasubiri mtu."

Siku moja akachukua kamba ya kufungia ng'ombe, akaniambia nishike ncha moja kwenye minyaa ya Bibi, pale njia inapobana kuliko kote. Yeye akaivuta mpaka kwenye minyaa ya Mzee Luhende, akafunga fundo. Kesho yake akapeleka ng'ombe mnadani, na siku ya pili akapanda basi la Mwanza na kamba yake begani. Watu wakamcheka.

"Baba Minza, unaenda kununua gari au kufunga dume?"

"Vyote viwili," akajibu.

Shida ni kwamba kila mtu mtaani alikuwa na jibu lake kuhusu ile njia. Wengi walisema gari litapita tu, kwa sababu jozi ya maksai hupita pale wakiwa na nira na jembe la kukokota nyuma yao, na gari lina upana gani kuzidi jozi ya maksai? Hakuna aliyekumbuka kwamba maksai wana mbavu. Ukiwabana, wanajibana. Bati halijibani.

Na minyaa yenyewe ilikuwa haikatwi. Hapo ndipo penye kisa. Miaka mitatu kabla ya hapo, ng'ombe wa Mzee Luhende alipenya uani kwa Bibi na kula michembe yote aliyokuwa ameianika juu ya jiwe. Michembe ni viazi vitamu, unavimenya, unavikata vibichi, unavianika. Ni chakula cha miezi ya njaa. Ng'ombe alikula jiwe zima. Bibi akasema ua wa Luhende ni mbovu. Luhende akasema ua wa Bibi ndio uliosogezwa njiani mpaka ng'ombe wanakosa pa kupita. Tangu siku hiyo hawakusemeshana. Hata salamu ya "mwangaluka" asubuhi waliitupa hewani, kila mmoja akiangalia upande wake, kama wanaosalimia kuku. Na desturi ilikuwa wazi: wa kwanza kukata minyaa yake amekiri mbele ya watu kwamba yeye ndiye aliyeingia njiani. Kwa hiyo minyaa ilizidi kunenepa pande zote mbili.

Mimi hayo sikuyajali. Mimi nilikuwa nimeshalitangazia darasa zima kwamba nitakuwa napandia gari mlangoni kwetu. Mlangoni, siyo ghalani. Tena kuliacha gari lilale kule ghalani barabarani ilikuwa haiwezekani. Kila mtu alijua kwamba betri ya gari linalolala kule haioni asubuhi. Likishindwa kufika nyumbani, Baba alisema, atamrudishia mwenyewe aliyemuuzia kule Mwanza.

Baba akarudi Ijumaa mchana. Pikapu nyeupe, kuukuu, imetoka Japani na maandishi ya huko bado yapo ubavuni. Bibi akayatazama kwa makini, akasema: "Hiyo ni chapa. Ikipotea, wenyewe wanaijua." Watu wakajaa pale ghalani. Baba, kwa kujionyesha, akaipeleka mbele, akairudisha nyuma, akaipeleka mbele, akairudisha nyuma, mpaka akina mama wakapiga vigelegele. Bibi alikuwa amesimama mstari wa mbele, mikono kiunoni. Mzee Luhende alikuwa upande wa pili, amejiegemeza kwenye fimbo yake. Shikeni hilo la kurudi nyuma, nitalihitaji.

Kisha nikapandishwa nyuma ya pikapu kama malkia, na tukaingia kwenye njia ya ng'ombe.

Mwanzo tulikwenda vizuri. Halafu matawi yakaanza kukwaruza ubavu, kwaa, kwaa, halafu kioo cha pembeni kikajikunja, halafu pale panapobana, gari likasema *ngh* na kusimama. Minyaa imebana kulia, minyaa imebana kushoto. Milango haifunguki. Utomvu mweupe unachuruzika juu ya vioo, na Baba kavipandisha vyote juu kabisa kwa sababu maziwa ya minyaa yakikuingia jichoni utalala siku tatu unalia.

"Rivasi, Baba!" nikapiga kelele kupitia kidirisha cha nyuma. "Weka rivasi!"

Baba akageuka, akanitazama kwa jicho moja gumu sana.

"Minza," akasema, "kalete maji ya kunywa."

Nikakimbia. Yaani, nilipanda juu ya kabini, nikateremkia boneti, nikaruka mbele ya gari, kwa maana kwetu kulikuwa huko mbele. Niliporudi na kikombe nilimkuta Bibi amesimama mbele ya taa za gari, na Mzee Luhende, ambaye mlango wa boma lake ulikuwa nyuma yetu, amesimama nyuma ya gari. Katikati yao Baba, anatoka jasho kama yuko kwenye tanuri. Kwa kuwa wale wawili hawasemeshani, mimi ndiye niliyekuwa simu.

"Mwambie huyo mama," akasema Mzee Luhende, "akate minyaa yake, mwanawe atoke."

Nikapanda boneti, nikapita juu ya kabini. "Bibi, anasema ukate."

"Mwambie huyo mzee," akasema Bibi, "minyaa iliyomshika mwanangu ni ya upande wa kushoto. Asiye na macho aje nimwazime."

Nikarudi juu. Miguu yangu ya vumbi ilikuwa imeshachora ramani kwenye gari jipya. Kwa mara ya nne au ya tano, nikiwa juu kabisa ya kabini, nilimwona Mzee Luhende akiinama nyuma ya gari, akakaa huko kidogo, halafu akainuka akijipangusa mikono. Nikadhani ameangusha ugoro wake. Sikuwa na muda wa kuuliza, nilikuwa na ujumbe.

"Lakini Baba," nikasema tena kidirishani, karibu kulia, "si lirudi nyuma tu?"

"Hili halirudi nyuma," akasema Baba, kwa sauti ya kusikika mpaka mwisho wa njia.

Moyo wangu ukapasuka. Gari limeharibika siku ya kwanza! Nilimwona mwenye gari kule Mwanza akilichukua, nikaona darasa zima likinicheka. Nikakaa juu ya kabini, nikaanza kulia kwa sauti.

Ndipo ng'ombe walipotokea.

Walikuja kutoka lamboni kama kila siku, kundi lote la Mzee Luhende, wakamzunguka Bibi na kukuta njia yao imezibwa na kitu cheupe. Ng'ombe hajui rivasi. Wale wa nyuma wakasukuma, wale wa mbele wakasimama, dume kubwa likaanza kulamba boneti. Baba akapiga honi, dume likajibu. Na kule nyuma yetu, ndani ya boma, ndama wakasikia sauti za mama zao wakaanza kulia wote kwa pamoja. Kulikuwa na kelele ambayo sijaisikia tena mpaka leo.

"Mwambie huyo mama," akasema Mzee Luhende, na safari hii sauti ilikuwa ya chini, "ndama wangu wanalia."

Bibi aliniangalia kule juu nilikokaa, kamasi zikitiririka. Akamwangalia Baba kupitia kioo.

"Mwambie huyo mzee, na mimi wangu wanalia."

Kisha Bibi akasema kuwe na panga huku na panga kule. Wakate kwa mara moja, asiwepo wa kwanza. Mimi nihesabu hadi tatu.

Mapanga yakaja. Bibi akainua lake mbele, Mzee Luhende akainua lake nyuma. Njia nzima ikanitazama mimi. Na mimi, na haraka zangu, nikavuta pumzi na kusema:

"Tatu!"

Watu walicheka mpaka mwingine akakaa chini, lakini mapanga yalishateremka, yote mawili, pamoja. Utomvu ukaruka. Na hapo hapo Bibi akapaza sauti juu ya gari: "Wee Luhende! Funga jicho!"

"Nimefunga!" akajibu Mzee Luhende. "Na wewe funika kichwa, mayu!"

Alimwita mayu, yaani mama. Hayo ndiyo yalikuwa maneno yao ya kwanza baada ya miaka mitatu. Waliendelea kukata mpaka wakakutana katikati ya gari, na kabla jua halijazama pikapu ilifika mlangoni kwetu na ng'ombe wakafika kwao. Wiki iliyofuata mke wa Mzee Luhende alileta ungo wa michembe. Hakusema ni ya nini. Bibi hakuuliza, alishukuru kwa "wabeja" na kumrudishia ungo ukiwa na dengu.

Ningeishia hapo, lakini nilichowaambia mkishike bado mmekishika.

Nikiwa kidato cha pili, likizo, Baba akaanza kunifundisha gari, pikapu ile ile. Somo la kwanza lilikuwa rivasi. "Kwenda mbele kila mtu anaweza," akasema. Nikarudisha nyuma vizuri kabisa, halafu nikasimama ghafla.

"Baba, hii rivasi ilitengenezwa lini?"

"Haijawahi kuharibika."

"Siku ile kwenye minyaa…"

Akaanza kufuta dashibodi kwa kiganja, dashibodi ambayo haikuwa na vumbi. Jioni nikatoa ile kamba ya zamani msumarini, nikapima upana wa pikapu. Fundo lilipungua shibiri mbili. Alijua tangu Mwanza kwamba haitapita.

Nikakimbia kwa Bibi na umbea wangu, nikamkuta anabangua karanga. Bibi, mwanao alikudanganya! Gari lilikuwa linarudi nyuma!

Wala hakuinua kichwa. "Nililiona likirudi nyuma pale ghalani. Mbele, nyuma, mbele, nyuma. Unadhani nilikuwa nimefumba macho?"

"Sasa kwa nini ulikata?"

"Nilikuwa nimechoka kusalimia kuku."

"Na Mzee Luhende, yeye alidanganyika?"

Bibi akacheka mpaka karanga zikamwagika. "Luhende? Nani aliweka jiwe nyuma ya tairi?"

Yaani mtaa mzima, mtu pekee aliyekuwa amekwama kweli siku ile nilikuwa mimi. Nilidhani tunasubiri njia ifunguke ili gari lipite. Watu wazima walikuwa wamelileta gari ili wao wapite.

Njia ile ikawa barabara, na sasa inakuwa lami. Bibi hayupo, Mzee Luhende hayupo, na ng'ombe wanapitia mbali. Jana jioni, kwa sababu greda limebana upande mmoja, bajaji ya jirani wa kulia ilikutana uso kwa uso na gari la jirani wa kushoto. Hao nao hawasalimiani, wamegombania mtaro. Kila mmoja akazima injini, akakunja mikono. Nyuma yao foleni, honi, matusi madogo madogo. Nafasi ya kurudi ilikuwepo, naiona kwa macho yangu. Nikasimama barazani, nikajaza kifua hewa.

Baba alikuwa kwenye kiti chake pembeni yangu. Akanitazama kwa lile jicho.

"Minza," akasema, "kalete maji ya kunywa."

Nikaenda kuleta. Sikukimbia.