Moshi Ndani ya Mfuko wa Njano

Kila asubuhi, kabla hajashusha mkoba begani, shangazi yangu huenda kwenye kabati la kioo lililo pembeni mwa chumba chake cha kazi. Hutoa mfuko mmoja wa majimaji ya njano, huunyanyua kuelekea dirishani, kisha huuinamisha taratibu, kushoto na kulia. Anatafuta moshi. Mwenye macho mazuri na subira atauona: kitu cheupe, chepesi, kinachojiviringa ndani ya ile njano kama vumbi linaloelea penye mwanga wa jua. Akiuona hutamka "haya", huurudisha mfuko na kuchukua mwingine. Asipouona, hasemi neno.

Moshi huo ni chembe sahani, chembe ndogo za damu ambazo kazi yake ni kuziba panapochanika. Zikiwa hai huwa bapa, na mwanga ukizipiga hung'aa zikizunguka. Zikiharibika huvimba, na mfuko hubaki njano tupu.

Shangazi ameifanya kazi hiyo katika benki ya damu ya hospitali tangu mimi sijazaliwa. Wenzake humwita Mama Njano, naye huitika. Mazoea yale amehamia nayo hadi nyumbani: hawezi kumimina mafuta ya kupikia bila kuinua chupa na kuitazama kwenye mwanga.

"Dada, yanapumua?" baba yangu humchokoza.

"Yanapumua kuliko wewe ukipanda ngazi."

Chumba chake ni kidogo. Upande mmoja yapo majokofu ya damu nyekundu, na upande wa pili lile kabati la kioo, ambalo rafu zake huyumba mbele na nyuma usiku na mchana bila kusimama. Damu nyekundu huhifadhiwa baridini kama maziwa. Njano haitaki baridi. Inataka joto la chumba ambacho mtu anaweza kukaa bila sweta, tena inataka kubembelezwa kama mtoto mchanga, na hata ukiitimizia yote hayo haiishi siku nyingi. "Nyekundu unaweka akiba," husema shangazi. "Njano unaiombea."

Mwaka mmoja wodi ya watoto ng'ambo ya barabara ilimlaza msichana mmoja wa shule ya msingi, mwenye saratani ya damu. Alipenda kuchora. Dawa za kuua saratani zilikuwa zimeua na chembe sahani zake, hata akipiga mswaki mate yalitoka mekundu. Baba yake alikuwa fundi katika kiwanda cha barafu, na manesi walimpachika jina la Mzee Barafu, ingawa hakuwa mzee. Alikuwa mwanamume mpole, mwenye vidole vilivyopasukapasuka kwa baridi, ambaye hakumwamkia mtu bila kuvua kofia.

Siku moja mtoto aliamka akitokwa damu puani, na haikukatika. Kabatini kulikuwa na mfuko mmoja tu uliomfaa. Mhudumu aliyezoea kuvusha mifuko alikuwa anaumwa, kwa hiyo nesi mkuu wa wodi, ambaye kila mtu anamwita Sista, alimtuma baba mtu.

Shangazi aliukagua mfuko dirishani, akasema "haya", akamkabidhi. "Nenda nao moja kwa moja, kaka yangu. Usiuache juani."

"Jua haliuoni, dada. Niamini."

Naye alitimiza ahadi, kupita kiasi. Alikuwa ameacha kwa mlinzi wa getini boksi lake la kazini, lile zuri lenye mfuniko mzito, limejaa barafu aliyoichagua mwenyewe. Maisha yake yote alijua jambo moja kwa hakika: kitu cha thamani kinachoharibika upesi huwekwa kwenye barafu. Aliufukia mfuko humo kama anayelaza yai. Alipofika wodini alikuta daktari na manesi wamemzunguka mgonjwa mwingine aliyezidiwa, akaambiwa asubiri. Akaketi kwenye benchi la korido, boksi juu ya magoti, mikono yote miwili juu ya mfuniko.

Sista alipolifungua boksi alitoa mfuko uliokuwa baridi kama barafu yenyewe. Hakumwambia kitu. Alivuka barabara mwenyewe akiwa ameuficha chini ya koti.

Shangazi aliuinamisha dirishani. Kushoto. Kulia. Akauweka mezani.

"Huu hauna faida tena," alisema. "Ukiingia mwilini utafagiliwa kabla haujafanya kazi."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo tunatengeneza mwingine. Mwambie daktari amkandamize pua, na asimpe chochote cha moto."

Kulikuwa na damu iliyochangwa asubuhi ile, bado haijaingizwa jokofuni, na majibu ya vipimo vyake yalikuwa njiani. Shangazi aliipakia kwenye mashine ya kuzungusha. Mzunguko wa kwanza ni wa polepole: nyekundu inakaa chini, njano inapanda juu na zile chembe zake. Akaikamua njano kwenye mfuko wa pembeni, tone kwa tone, akichunga mstari wa nyekundu usivuke. Mzunguko wa pili ni wa kasi, nao huzikusanya chembe sahani chini kama unga uliotuama. Baada ya hapo mfuko hulazwa mezani, wala hauguswi, hadi chembe ziachane zenyewe. Ukiutikisa kwa haraka zako zinashikamana na kazi yote imekwenda bure. Katika muda ule wa kungoja, simu ya wodini ililia mara kadhaa, na kila mara shangazi alijibu, "Bado imelala," kwa sauti ambayo ungedhani anazungumzia mtoto wa jirani.

Dirishani alimwona Mzee Barafu amesimama ng'ambo ya barabara, kofia mkononi, akimtabasamia. Alidhani mfuko wake umeshaanza kufanya kazi.

Mfuko wa pili ulipokuwa tayari na majibu yameruhusu, shangazi aliuvusha kwa mikono yake, ukiwa ndani ya taulo kavu. Damu ya puani ilikatika jioni. Lakini mchana ule, wakati wote wakingoja, ilikuwa imevuja pia nyuma ya jicho la kushoto. Daktari wa macho alikuja na tochi yake, akaangalia kwa muda mrefu. Ukungu ulioingia humo haukutoka.

Sista alimfuata shangazi kwenye chumba cha chai. "Mama Njano, tusimwambie. Jicho halirudi. Unataka ajimalize?"

"Anajua nini?"

"Anajua ugonjwa umefika kwenye jicho. Mwache na hilo. Limemtosha."

Shangazi aliosha kikombe chake, akakiosha tena.

Haikuchukua muda Mzee Barafu akaja tena benki ya damu, karatasi ya wodi mkononi na boksi ubavuni. Mtoto alihitaji mfuko mwingine. Alivua kofia. "Leo nimeleta barafu ya maji ya kuchemsha, dada. Safi kabisa."

Shangazi alifunga mlango, akamwomba aketi, na akamwambia yote: mfuko, baridi, muda wa kungoja, jicho. "Na mimi nilikutajia jua," alimalizia. "Barafu sikukutajia."

Yule baba alitazama vidole vyake. Kisha akasema, "Alikuwa akisema anaona giza. Nikamwambia ni usingizi." Akanyanyuka, akaenda kwenye sinki, akamwaga barafu yote, akafuta boksi kwa shati lake hadi likakauka. Akaogopa kuushika mfuko, ikabidi shangazi aulaze humo mwenyewe. Walivuka barabara pamoja, yeye amebeba boksi, shangazi ameshika mfuniko.

Sista hakumsemesha shangazi kwa wiki nyingi. Alisema yule mtu amekonda, na ni kweli alikonda. Aliendelea kuja mpaka matibabu ya binti yake yalipokwisha, boksi tupu, kavu, vuguvugu kama chumba. Hakuwahi kutabasamu tena kuelekea lile dirisha. Binti alirudi shuleni, na bado anachora, akigeuza karatasi upande wa jicho lililo zima.

Nilikisikia kisa hiki jikoni kwetu, shangazi akiwa ameinua chupa ya mafuta dirishani. Nikathubutu kumuuliza: kwa kuwa jicho lilikuwa limeshakwenda, kwa nini hakumnyamazia?

Aliiinamisha chupa kushoto, kisha kulia.

"Kwa sababu alikuwa amekuja kuchukua mfuko mwingine, mwanangu."