Chuma Kilipoacha Kuuma

Mke wangu alipoacha kuumizwa na vyuma vyake vya gofu, tulichinja kuku. Nasema wazi, kwa sababu hata leo nikiikumbuka ile supu, na jinsi nilivyomsifu mbele ya wageni, mwili unanisisimka. Balaa nyingine haibishi hodi. Inaingia imevaa nguo za sikukuu, na wewe mwenyewe unaivutia kiti.

Lakini asiyecheza gofu hatanielewa, kwa hiyo nianze na vyuma, zile fimbo za kupigia mpira.

Sisi ni watu wa Kondoa, mimi na yeye, ila tunaishi Makole, hapa Dodoma. Mimi ni mtu wa ugavi ofisini. Yeye ni mwalimu wa hesabu wa sekondari. Gofu aliikuta Arusha alikolelewa na shangazi yake, katika nyumba iliyopakana na uwanja, mipira iliyopotea ikidondokea kwenye mahindi yao. Alianza kuipiga kwa chuma kimoja cha kuokota, akiwa bado na sare za shule ya msingi. Mimi nilianza nikiwa na kitambi tayari, baada ya kuchoka kumsubiri ndani ya gari. Tusidanganyane basi: katika nyumba yetu mchezaji ni mmoja.

Vyuma vyake vilikuwa vya kufuliwa, aina ambayo wachezaji wazuri wanaipenda na sisi wengine tunaikimbia. Ukisimamisha chuma chake cha namba saba nyuma ya mpira na kuitazama kutoka juu, unaona mstari mwembamba tu, kama mgongo wa kisu cha jikoni. Nyuma yake hakuna unene wa kukubeba ukikosea. Vyangu vilikuwa vya kumiminwa kwenye kalibu, vina tumbo nyuma na unyayo mpana, na vilikuwa na huruma ya mama mkwe mzuri. Nikiupiga mpira kwa ncha, unakwenda. Nikiupiga kwa kisigino, unakwenda. Yeye aliviita majembe. Siku moja aliazima namba saba yangu, akapiga mara moja, akanirudishia kwa vidole viwili.

"Mume wangu, hiki hakisemi kitu," akasema. "Ni sawa na kula ugali umevaa glavu."

Vyake vilisema. Mpira ukikutana na katikati ya uso wa chuma, mkono karibu hausikii chochote, ni ulaini tu, kama kisu kwenye papai lililoiva. Ukikosea kwa upana wa kidole, chuma kinakuuma. Mtetemo unapanda kwenye mpini na kuingia kwenye vile vidole vya mwisho vya mkono wa kushoto, ambavyo ndivyo vinavyoshika hasa, kisha unakimbilia kiwiko. Mchezaji wa kiwango chake anayataka hayo maumivu. Ndiyo yanayomwambia amekosea wapi, kabla hata macho hayajaufuata mpira.

Na uwanja wetu una maumivu ya kutosha. Mvua zikishakatika, nyasi zinakufa na kubaki udongo mwekundu uliokauka mpaka unalia ukipigwa. Mahali pa kumalizia shimo hatuna nyasi laini kama wenzetu wa mikoa ya mvua; tuna mchanga uliotiwa oili chakavu, unaousawazisha kwa ufagio kabla ya zamu yako. Ikifika Julai, asubuhi inakuwa na baridi ya kukata masikio na upepo usio na adabu. Kupiga vibaya kwa chuma chembamba asubuhi kama ile ni adhabu. Nimewaona watu wazima wakiacha chuma kianguke chini, wakikumbatia mkono kwapani.

Julai ile alirudi nyumbani anang'aa. Alikuwa ameteuliwa kwenda kucheza mashindano ya akina mama Arusha mwezi wa tisa, na alikuwa akifanya mazoezi kila alfajiri kabla ya shule.

"Leo sijaumwa hata mara moja," akaniambia. "Baridi yote ile, ardhi yote ile. Kila mpira laini. Nadhani vyuma hatimaye vimenizoea."

Mimi nilifurahi kuliko yeye. Nilijua maana yake: mkono usiosikia kitu ni mkono unaopiga katikati kila mara. Ndivyo alivyonifundisha mwenyewe. Jumapili yake tukaita jirani zetu, kuku akaenda na maji, nami nikasimama kutoa hotuba ambayo hakuna aliyeniomba, nikasema Arusha wajiandae.

Wiki zilizofuata mipira ilianza kufika pungufu. Namba saba yake, iliyozoea kuvuka korongo linalokata uwanja wetu na kutua mbele ya mchanga, ilianza kuangukia korongoni. Akalaumu upepo. Nikamsaidia kulaumu upepo, kwa sababu upepo wa Dodoma hauna wakili. Kisha akalaumu mipira kuwa mizee, tukanunua mingine. Nayo ikaangukia korongoni.

Kilichonikera kwanza kilikuwa sauti. Kwa miaka yote niliyomsubiri kwenye gari nilikuwa nimeijua sauti yake bila kuijali: kishindo kifupi, kinene, ambacho huna haja ya kugeuka kujua nani amepiga. Sasa nilikuwa nasikia mlio mkavu wa juu, ule ninaoutoa mimi. Nikageuka nikidhani mtu mwingine amepiga. Alikuwa yeye, ameusindikiza mpira kwa macho, uso wake umetulia kabisa.

Mwenzake waliyekuwa wakicheza pamoja, mama mmoja wa benki ambaye wamekuwa wapinzani tangu tuhamie, alikunja uso kana kwamba yeye ndiye aliyepata uchungu.

"Pole, dada," akasema. "Hiyo ya ncha kabisa. Imekuuma?"

"Hapana," akajibu mke wangu. "Mbona nimeipata vizuri tu."

Yule mama alinitazama. Sikumtazama, nikajifanya nafunga kamba za viatu.

Kazi ya kusafisha vyuma ilikuwa yangu. Jumapili jioni nilikuwa nakaa kwenye ngazi za nyuma na beseni la maji ya sabuni na mswaki wa zamani, nikivisugua kimoja kimoja. Vyuma vya mchezaji hodari vina alama. Pale katikati panapokutana na mpira, rangi inachakaa na kubaki doa dogo jeupe la fedha, na kwake doa hilo lilikuwa limekaa mahali pamoja miaka yote. Majembe yangu yalikuwa yamechakaa uso mzima, kama sufuria ya mgahawa. Jioni ile nikaona kwenye namba saba yake doa la pili, changa, kule kwenye ncha. Nikachukua namba nane. Lilikuwepo. Namba sita pia.

Niliogopa, wala sikujua naogopa nini. Chuma kilikuwa kinasema kimepigwa vibaya, tena mara nyingi, na kila kimoja cha hivyo vipigo kilipaswa kumfanya apige kelele.

Kisha nikaichukua glavu yake niifue. Anavaa moja tu, ya kushoto, ya ngozi laini. Ilikuwa imekakamaa chini ya kidole cha mwisho. Nikaigeuza ndani nje, nikaona damu iliyokauka, nyingi kuliko ya mkwaruzo. Nikamwita, nikamshika mkono, nikaufungua. Lengelenge lilikuwa limepasuka kwenye kitako cha kidole cha mwisho, nyama iko wazi, mchanga umeingia.

"Hii tangu lini?"

Alikitazama kidonda kwa mshangao wa mtu aliyeonyeshwa kitu cha jirani. "Sijui," akasema. "Sikukiona."

"Si cha kuona hicho. Ni cha kusikia."

"Basi, baba, usianze." Akauvuta mkono wake. "Nitakiosha kwa maji ya chumvi. Nikitoka Arusha nitakwenda hospitali wanitazame, inshallah. Sasa hivi wakinifunga bandeji nitashikaje chuma?"

Hapo ndipo nilipopaswa kuwa mkali, na kwa kawaida ukali sina shida nao, waulize wazabuni. Lakini nilijua safari ile ina maana gani kwake. Shangazi yake alikuwa bado hai, kule kule kwenye nyumba ya mahindi, na kwa mara ya kwanza angemwona akicheza upande wa ndani wa uzio. Nikamtengenezea maji ya chumvi. Yalikuwa ya moto, mimi mwenyewe yaliniunguza vidole. Yeye alitumbukiza ukingo wa mkono wa kushoto, upande ule wa kidonda, moja kwa moja na kuendelea kunisimulia habari za wanafunzi wake.

Jumamosi iliyofuata niliamua kumpima. Sikumwambia. Tulikuwa wawili tu, jua ndiyo kwanza linatoka, mbuzi wa mtu wanakatiza uwanja kama kawaida yao. Alikuwa amesimama mbele ya korongo, macho kwenye kibendera cha mbali, akanyoosha mkono nyuma niweke namba saba. Nikaweka yangu.

Vishikio vyetu vinafanana rangi, lakini changu kimevimba, maana nina vidole vya ndizi, na chuma chenyewe ni kizito mbele. Nilitegemea angekirusha hata kabla ya kukishika vizuri. Hakukirusha. Alikishusha nyuma ya mpira huku bado anatazama kibendera, akainamisha macho nusu tu, akapiga. Mpira ukavuka korongo, maana majembe yana huruma.

"Umeona?" akasema. "Leo umevuka."

"Umeusikiaje?"

"Kama kawaida. Laini."

Nilitamani anitukane. Wallahi nilitamani aniulize nimemletea takataka gani, aseme habari ya ugali na glavu, acheke mpaka mbuzi wakimbie. Alikuwa amesimama pale na jembe langu mkononi, mwanamke ambaye angeweza kukuambia kwa kidole kimoja kwamba chuma kimesuguliwa kwa mswaki mpya, na hakuwa na habari.

"Tazama ulichoshika," nikamwambia.

Akatazama. Aliangalia ule mgongo mnene kwa muda mrefu. Kisha akakihamishia mkono wa kulia, akakipima uzito, akakirudisha wa kushoto. Akarudia. Upepo ulikuwa unampeperusha mtandio na hakuushika.

"Twende," akasema, na ni yeye aliyetangulia kwenye gari.

Hospitali tuliwakuta daktari kijana na nesi mtu mzima. Tukasalimiana, tukaketi. Daktari alisikiliza habari za gofu kwa uvumilivu, kisha akaacha kabisa kuniangalia mimi. Akamwomba mke wangu apandishe mkono wa gauni. Juu kidogo ya kiwiko cha kushoto kulikuwa na baka lililopauka, la ukubwa wa kiganja cha mtoto. Nilikuwa nalijua. Tulilichukulia kuwa mba, maana nani hapa hana mba, na alikuwa amelipaka dawa ya fangasi ya dukani tangu mwaka uliotangulia.

"Linawasha, mama?"

"Haliwashi wala haliumi. Halina shida."

Daktari aliingiza vidole nyuma ya kiwiko chake na kupapasa taratibu, akitafuta kitu. Alikipata, kwa sababu aliacha kupapasa. Akamtazama nesi.

"Nitasema jina, lakini msiogope jina," akasema. "Tunataka kuangalia kama ni ukoma."

Mke wangu alicheka. "Si uliisha huo, daktari?"

"Haujaisha, mama. Ila dawa ipo, ni ya bure, na mtu anapona kabisa. Akishaianza hamwambukizi mtu, kwa hiyo hata mzee hapa hana haja ya kuhama chumba." Alijaribu kutabasamu. "Tatizo ni mshipa wa fahamu, huu uliovimba nyuma ya kiwiko, unaokwenda mpaka vidole vya mwisho. Tukiuwahi, tunaweza kuuokoa. Ukiwa umeshakufa, dawa inaua vijidudu lakini mshipa haiufufui. Kwa hiyo nataka kujua tu mkono umebaki na nini."

Nikafikiria kuku. Nikafikiria wiki zote zile za kulaumu upepo.

Nesi akavuta kiti mbele yake na kumwekea mikono yote miwili juu ya mto, viganja juu. Akatoa kalamu ya kawaida mfukoni. "Funga macho, mama yangu. Nikikugusa, nionyeshe kwa kidole pale nilipogusa. Usifungue mpaka nikuambie."

Akaanza na mkono wa kulia. Kila alipogusa, mke wangu alionyesha papo hapo, hapa, hapa, na hapa, upesi, kama mwanafunzi anayejua majibu. Wa kushoto, kwenye kidole gumba, akaonyesha. Kidole cha shahada, akaonyesha. Niliona mabega yake yakishuka kidogo kwa nafuu, na mimi nikapumua.

Nesi akahamia kidole cha mwisho. Aligusa. Akagusa cha pembeni yake. Akarudi kwenye ukingo wa kiganja, chini ya kile kidonda, na safari hii akakandamiza mpaka ncha ya kalamu ikafanya shimo dogo kwenye ngozi. Daktari alikuwa ameacha kuandika. Mke wangu alikaa wima, macho ameyafumba barabara, ametulia vile anavyotulia kabla ya kupiga, kichwa ameinamisha kidogo upande ili asikose. Kalamu ikagusa tena, ikakandamiza tena.

"Nesi," akasema kwa upole, "mimi niko tayari. Ukitaka unaweza kuendelea."