Binti Yangu Anataka Niache Hina Nipakwe Nyeusi, na Ukweli Siwezi Kusema

Admin, ficha jina langu, na hii sauti niliyokurekodia uiandike wewe, mimi na kalamu hatukuwahi kusalimiana. Niko na miaka sabini na kitu, naishi karibu na Gilgil, na nimechoma nyama Kikopey tangu madereva wa lori wakiniita kijana. Si kujisifu, lakini watu wanasimamisha gari kwa sababu ya mdomo wangu, wasikie hadithi. Nyama ya mbuzi iko kila mahali.

Sasa huo mdomo umeniweka pabaya.

Mwaka jana nywele ilikuwa imekuwa nyeupe yote. Nikaenda kwa kinyozi wa mbali, mahali hawanijui, nikamwambia, "Boss, nirudishie ujana." Akanipaka ile rangi nyeusi ya dukani. Nilitoka hapo nikitembea kama bwana harusi. Giza likanikuta huko, nikalala gesti. Kufika asubuhi kichwa kinawaka moto, macho imefunga, uso umefura kama malenge. Nikajipeleka hospitali peke yangu. Daktari, msichana mdogo tu, akanidunga sindano, akaniambia, "Mzee, hii rangi mwili wako umeikataa. Usiiguse tena. Mara ya pili koo inaweza kufunga ukafa njiani."

Nikanyoa kichwa chote, nikaenda nyumbani. Sasa mimi, na jina langu lote, nimwambie bibi yangu nimeangushwa na rangi ya nywele? Nikasema ni nyuki. Nikasema nilikuwa msitu wa huko juu Molo, mzinga ukaangukia mtoto wa wenyewe, nikaingia katikati nikamtoa. Na nywele? Nyuki walijaa ndani mpaka ikabidi ninyolewe. Bibi akalia. Jumapili akasimama kanisani kutoa ushuhuda, machozi ikitiririka, kanisa lote likapiga makofi. Mimi nikainua mkono kama mtu amechoka na sifa. Tangu hapo supu Kikopey nakunywa bure, bora nisimulie nyuki.

Nywele ilipomea nikaanza hina. Mama mmoja wa soko pale Nakuru alinionyesha, na huyo ndiye mtu pekee nimewahi kuambia ukweli. Ni unga wa kijani, unakoroga na chai ya rangi iliyokolea na ndimu, unapaka, unafunga kichwa, unakaa hapo ukinuka kama nyasi ya ng'ombe mpaka jioni. Inatoka nyekundu, haiwashi, haichomi. Vijana wananiambia, "Mzee umeiva, tukuchume?" Nawaambia waulize mama zao mbona siku hizi wanapitia kwangu wakienda dukani.

Shida ni binti yangu wa mwisho. Anafanya kazi kwa shamba la maua, anaishi Karagita, na Jumamosi wakwe wanaleta mahari hapa kwangu. Alikuja juzi, akaniangalia kichwa, akatafuta kiti kwanza.

"Baba, hiyo rangi ya jogoo itoke kabla ya Jumamosi."

"Jogoo ndiye mwenye boma," nikamjibu.

Hakucheka. "Wakiuliza baba yangu ni nani, nionyeshe hii? Nimekuletea nyeusi. Nitakupaka mwenyewe Ijumaa."

Nimejaribu kila mlango. Kofia? Itavuliwa wakati wa maombi. Kunyoa? Bibi hataki kusikia wembe wiki ya mahari, kwake kichwa kikinyolewa ni matanga. Nikakimbia Nakuru kwa yule mama kuulizia hina nyeusi. Akanivuta kando. "Mzee, majani ya hina hayatoi nyeusi. Hii wanaita hina nyeusi imetiwa rangi ile ile ilikuumiza." Nikarudi mikono mitupu.

Jana nikamwambia binti hapana, hina inanitosha. Bibi akaingilia kutoka jikoni: "Ati mtu alipigana na nyuki anaogopa kachupa?" Wakacheka wote wawili. Binti akachovya kidole kwa hiyo rangi, na kabla nigeuke akanipaka tone nyuma ya sikio.

"Ona, baba. Umekufa?"

Nilikimbia nikaosha na sabuni ya kufulia mpaka ngozi ikauma. Leo asubuhi sikio limefura kama mandazi, na shingoni nasikia kitu kinatambaa. Bibi akaliona. "Hilo sikio limefanya nini?" Haki ya Mungu nilifungua mdomo niseme. Ikatoka, "Mbu."

"Mbu gani huyo?" akasema, akaniangalia sana.

Watu wa hii page, nawachekesha lakini hii si mzaha. Nikisema ukweli, binti ataingia siku yake akijua baba yake ni mwongo, na mkwe mkubwa, baba ya kijana anayemuoa, ameshaomba nimsimulie ile ya nyuki baada ya chakula. Hiyo naweza kubeba. Siwezi kubeba ya bibi yangu. Alilia mbele ya kanisa kwa ajili yangu, atarudi pale awaambie nini? Na nikinyamaza, mtoto wangu atanimaliza kwa mikono yake, akinipendezesha, na hiyo ataishi nayo maisha yake yote.

Ijumaa ni kesho. Amesema tukimaliza chai anakoroga. Nyinyi wamama ambao mabwana waliwahi kuwadanganya, niambieni nyinyi: ningekuwa bwana yako, ungetaka nianzie wapi? Andikeni maneno mafupi. Kusoma najikokota, na sina siku nyingine.