Nilimwonyesha Mgeni Mlango Wake

Admin, nakuomba ufiche jina langu na picha yangu, hata namna ninavyoandika ukiweza. Nanyi mtakaosoma, kisa hiki kiishie hapa hapa, msimpelekee mtu.

Nina miaka 24, mzaliwa wa Mombasa. Ni karani katika ofisi ya nyumba za kupanga hapa mtaa wa Vickery Meadow, Dallas, Marekani. Mimi ni Mwislamu na navaa hijabu kwa hiari yangu.

Mwaka jana alihamia kwetu mwanamke kutoka Iran. Kwao alifungwa kwa kuvua hijabu hadharani, akatoroka, na hata huku aliendelea kupinga sheria ya kuwalazimisha wanawake kuivaa. Nilidhani atanichukia. Badala yake alikuwa akija ofisini na chai, akinitania: "Dada mdogo, tukitembea pamoja watu watadhani ni tangazo la kabla na baada." Aliniambia hana ugomvi na kitambaa changu, ugomvi wake ni na fimbo. Akaniomba kitu kimoja tu, nisimwambie mtu yeyote nyumba anamokaa.

Siku moja adhuhuri aliingia mzee nadhifu. Akanitolea salamu, nikaitikia. Akaniita binti yangu, akasema yeye ni baba mdogo wa yule dada wa Iran, ametoka mbali na simu ya mwanawe haipatikani. Kwetu mtu mzima akija kumtafuta mwanawe humwachi amesimama mlangoni. Nilimpa kiti, nikampa maji, kisha nikampeleka mwenyewe hadi kwenye ngazi na kumwonyesha mlango.

Jioni yule dada alikuta picha ya mama yake, aliyebaki Iran, imebandikwa mlangoni. Nyuma ya picha kulikuwa kumeandikwa: "Tunajua mnapoishi nyote wawili." Alikuja ofisini na ile picha, akaniuliza nani amesema anapokaa. Nikamwambia sijui.

Sasa amehamia upande wa Houston, mtaa sitautaja. Anaamini aliyemsaliti ni rafiki yake waliyetoroka pamoja, na hawasemezani tena. Juzi alinipigia akasema, "Nimebaki na wewe tu wa kumwamini."

Nikikiri nitafukuzwa kazi, tena ataitazama hijabu yangu na kudhani nilikusudia. Wallahi sikukusudia. Nikinyamaza, rafiki yake anaendelea kubeba kosa langu. Nishaurini, nifanye nini?

Andikeni hapa chini, nitasoma yote. Admin, ukinitafuta tumia inboksi pekee, mchana nikiwa mapumzikoni. Usipige simu ofisini. Huko ukiniuliza, nitakana.