Ngamia Niliyemchora Akili Zikiwa Safarini

Najua mtacheka, na mna haki, maana hata mimi nikiikumbuka siku ile nikiwa peke yangu chumbani huwa najifunika uso kwa viganja. Lakini afadhali mkisikie kwangu kuliko kwa wengine, kwa sababu wengine wanaongeza chumvi, na kisa chenyewe hakihitaji.

Ilikuwa miaka ya tisini. Nilikuwa mwalimu wa sanaa Garissa, kijana wa Kitui aliyepelekwa kule na serikali akiwa na sanduku moja la nguo na majivuno ya kujaza lori (nilivaa kofia nzito ya sufu, eti ya wachoraji, kwenye jua lile!). Sasa Mzungu mmoja aliyekuwa akifanya kazi kambi ya wakimbizi ya Ifo alipita mjini akirudi kwao, akanigawia majarida yake ya zamani, na katika moja nikasoma habari za wachoraji wa Ulaya waliosema picha ya kweli haiko machoni, iko chini kabisa ya akili, kule ndoto zinakotoka, na kwamba wengine waliokuja baadaye walikula uyoga na madawa ili mlango wa huko chini ufunguke wenyewe. Jamani! Nilisoma nimesimama. Kulikuwa na picha ya samaki aliyevaa miwani ameketi kitandani, nami nikajiona mjinga kwa miaka yote niliyopoteza nikichora maua na vikombe.

Wiki hiyohiyo Mama Halima akaniomba nimchoree ukuta wa mbele wa hoteli yake kabla ya Idd. Huyu alikuwa mjane, na hoteli ile ya chai na nyama ya ngamia, karibu na soko la mifugo, ndiyo iliyokuwa ikilisha watoto wake watano. Wafugaji walimwamini kwa jambo moja: hakuna kipande cha nyama kilichoingia jikoni kwake bila yeye kujua mnyama alikuwa wa nani na nani alimuuza.

"Maalim," akaniambia, "wewe chora ngamia moja mzuri na kikombe ya chai. Basi."

Nikajibu sawa mama. Moyoni nikasema, kikombe? Mimi?

Nyuma ya nyumba za walimu kulikuwa na mnanaha, lile gugu lenye maua meupe marefu, ambalo hata mbuzi wa Garissa, anayekula katoni mchana kweupe, hulipita bila kuligusa. Mlinzi wetu alikuwa ameshanionya kwamba linaleta wazimu, lakini mimi niliposikia wazimu nikaelewa sanaa. Basi Jumamosi asubuhi nikala (kiasi gani na vipi siwaambii ng'o, msije mkajaribu), nikabeba makopo yangu ya rangi, nikaenda.

Furaha niliyokuwa nayo, wacheni tu! Ukuta ulianza kupumua, rangi ya kijani ikaniita kwa jina langu la ubatizo, koo likanikauka hata mate yakakataa kupita lakini nani alijali, nikachora ngamia, nundu yake ikatoka na macho mawili ya binadamu, tumbo likafunguka kama mlango, na humo ndani mkawa na masufuria yanayotokota na sahani na mikono inayopakua nyama, halafu pajani nikaona, kwa jicho langu la ndani kabisa, alama, ndoano yenye nukta mbili chini yake, na ilikuwa nzuri kiasi kwamba nililia machozi nikiipaka nyekundu. Walioniona wanasema nilikuwa nikimfafanulia mwalimu mkuu kila mstari (mwalimu mkuu alikuwa Nairobi), na kwamba nilimwamkia punda shikamoo mara tatu nikamkaripia kwa kukosa adabu. Baadaye nikaanguka. Niliamka hospitalini, nimefungwa mikono kitandani ili nisijiumize, na daktari akaniambia bila kupepesa macho kwamba ningeweza kufa, na kwamba wengi huwa hawapati bahati yangu.

Je, nilijifunza? Wapi! Jumatatu waliponiachia nilikwenda mbiombio kwa Mama Halima kuchukua sifa zangu.

Nje kulikuwa na umati. Nikafurahi, nikasema maonyesho yangu ya kwanza hayo! Sikutazama ndani, ambako meza zote zilikuwa tupu. Mzee mmoja mwenye ndevu zilizopakwa hina, Mzee Gedi, alikuwa amesimama mbele ya ukuta akiegemea fimbo.

"Ni wewe nachora hii?"

"Ndiyo, adeer," nikasema, yaani ami kwa Kisomali chao, kifua mbele. "Imetoka ndani kabisa."

"Haya. Ngamia yangu iko wabi?"

Kumbe kule kila ukoo una chapa yake ya kuchoma, na mtoto huisoma kabla hajajua a, e, i, o, u. Ndoano na nukta mbili ilikuwa chapa ya kina Gedi. Kila siku ya soko nilikuwa nikinywa chai huku ngamia wake wakipita mbele yangu na alama ile pajani, nikidhani siioni, kumbe akili ilikuwa inaweka akiba. Na Mzee Gedi alikuwa amepotelewa na ngamia jike kwa miezi miwili! Sasa nimemchora, na chapa yake, tumbo limejaa masufuria ya Mama Halima. Kwa watu wale chapa haichorwi kwa mchezo, chapa ni ushahidi. Nilikuwa nimeandika ukutani kwa rangi ya mafuta kwamba mjane yule anapika ngamia wa wizi.

Mama Halima alikuwa mlangoni, ameshika pembe ya shungi lake.

"Maalim, mimi nimekukosea nini? Tangu jana hakuna mtu nakunywa chai yangu."

Hapo ndipo joto liliponipanda masikioni. Nikajaribu kujiokoa. Nikawaeleza wazee kwamba ni sanaa, kwamba ngamia yule nimemwona ndani ya akili iliyofichika.

"Ndani ya akili," Mzee Gedi akarudia taratibu. "Na mlango ya hiyo akili iko wabi? Tuingie, tumtoe."

Watu hawakucheka. Walikuwa wakimtazama Mama Halima. Nikaona wazazi wa wanafunzi wangu, nikamwona na mwalimu mkuu, safari hii ni yeye kweli, amekunja mikono kifuani. Nikajua nikisema ukweli nimekwisha, na nisiposema, mama huyu ndiye aliyekwisha. Nikavua kofia.

"Wazee, hakuna ngamia aliyeibwa. Nilikula mnanaha ili nichore vizuri. Hata punda nilimsalimia."

Kisha mzee mmoja nyuma akasema, "Wallahi ni kweli, ya bunda niliona mimi," na soko zima likapasuka kwa kicheko. Mzee Gedi alicheka mpaka akakaa chini. Nililetewa chokaa palepale nikaifuta ile chapa mbele ya wote, huku nikisikia kila neno la kunisimanga.

Mama Halima hakucheka. Aliniambia waliosikia ni wa leo, na sokoni kila siku huja watu wengine kutoka kila upande. Kwa hiyo hadi Idd, kila jioni baada ya shule, nilisimama mlangoni kwake nikamwambia kila aliyeingia: ngamia hakuibwa, mimi ndiye niliyekula majani. Siku ya tatu watu walikuwa wakija kwa ajili ya kunisikia, na meza hazikutosha. Mwalimu mkuu naye akaomba nihamishwe.

Tangu hapo nimeapa, nachora nikiwa na akili zangu timamu, na mteja akitaka kikombe, napiga kikombe. Kuhusu akili iliyofichika, ibaki hukohuko ilikojificha.

Nilihamishiwa Wajir. Lori liliposimama Habaswein, nikaingia kibanda cha chai nikijipongeza kwamba huku hakuna anayenijua, na mama aliyenimiminia chai akanitazama, akaitazama kofia, akanitazama tena.

"Ni wewe nilikula ile majani Garissa?"

Ningeweza kukataa. Nikaweka kikombe chini, nikasimama ili hata wa nje wasikie.

"Ni mimi, mama. Na ngamia hakuibwa."