Nafuu ya Ng'ombe wa Generosa

Baba mkwe wangu, Bujiku wa Bugarama, alitibu ng'ombe kwa mizizi miaka thelathini, na miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumwambia kwamba dawa imeshindwa. Mimi niliyekuwa nikimbebea kibuyu najua kwa nini. Kwetu ukimwambia mganga usoni kwamba mgonjwa hana nafuu, dawa inakasirika na mgonjwa anakufa. Basi akipita asubuhi kuuliza, "Mhola?" mwenye ng'ombe hujibu, "Mhola duhu," yaani salama tu, hata kama mnyama hawezi kusimama. Mzee anarudi nyumbani kifua mbele. Nilimheshimu, lakini jambo hilo lilinikera.

Wakati wa vita vya Kagera, dawa za dukani zikiwa adimu, ndigana, homa ile ya kupe, ilimpata ng'ombe wa jirani yetu Generosa. Alikuwa na huyo mmoja tu wa kukamua, na maziwa yake ndiyo yaliyokuwa yakimlea mjukuu wake wa miezi mitatu, ambaye mama yake alifia uzazini. Baba mkwe akamnywesha ng'ombe mizizi. Siku ya pili Generosa akatuambia macho yamechangamka. Niliyaangalia macho hayo. Yalikuwa yakitoka machozi, na tezi za shingoni zilikuwa zimevimba kama viazi.

Siku ya tatu akaja Donatus, bwana mifugo, kwa baiskeli. Alikuwa amebakiwa na dawa ya ng'ombe mmoja tu. Akaingiza kipima joto chini ya mkia, akasoma, akamwonyesha baba mkwe.

"Arobaini na moja na nusu, mzee. Nisipomchoma leo, kesho msiniite."

Generosa akasimama mbele ya ng'ombe, mtoto mgongoni. "Sindano juu ya mizizi ni sumu. Ng'ombe wangu ana nafuu. Mwulize mzee."

Tukamgeukia. Mtoto alikuwa akilia kwa njaa. Niliogopa, maana nilikijua kiburi cha mzee yule, na neno lake moja lingemrudisha Donatus alikotoka.

Baba mkwe akaweka kiganja nyuma ya sikio la ng'ombe, akakiacha hapo muda mrefu.

"Bwana mifugo," akasema, "mnyama anaweza kupata nafuu kwa kuiamini dawa?"

"Hajui hata kama amepewa dawa, mzee. Anayejua ni mwenye ng'ombe. Na wewe."

"Mama," baba mkwe akamwambia Generosa, "ng'ombe wako hana nafuu."

"Usitamke," Generosa akasema. "Mwaka jana nilitamka. Nilimwambia huyu mkweo kwamba dume wangu hataki majani. Kesho yake akafa. Nilimuua kwa mdomo wangu."

Nilikumbuka siku hiyo, nikaona aibu. Mwaka mzima alikuwa akinipita kisimani bila kuniangalia, nami nikadhani ana maringo.

Mzee akavua kofia. "Hukumuua. Aliugua, nikampa mizizi, haikumfaa. Sikumtazama yeye, nilikusikiliza wewe uliponiambia mhola, kwa kuwa ulinifurahisha. Kosa ni langu."

Generosa akamfungua mtoto mgongoni, akanipa mimi, akashika pembe kwa mikono miwili. Donatus akachoma.

Siku ya nne ng'ombe akaanza kucheua. Jioni hiyo Generosa alinisimamisha njiani, akanisimulia habari za yule dume, jinsi alivyokuwa akivuta plau, na alilia mpaka akamaliza.