Keri Iliyonukia Karafuu

Bi Mwanapili wa Wete, Pemba, hakuwa mtu wa kuamini kitu mpaka akiguse. Ukimwambia chai ina sukari, ataionja kwanza, kisha atakutazama usoni kuona kama ulikuwa unamfanyia mzaha. Kazi yake ilikuwa kukodisha vyombo vya shughuli: masufuria ya pilau, masinia, majamvi, maturubai na viti vya plastiki. Vikirudi kutoka harusini alivikagua kijiko kwa kijiko mbele ya wenye harusi, hata kama wageni hawajaondoka. Mchoyo hakuwa, jamani. Wasiwasi tu, na wasiwasi wake haukujua siku ya mapumziko.

Gari alikuwa nayo moja, kisaluni alichoachiwa na marehemu mumewe. Viti vilifungwa kwa kamba juu ya paa, na sufuria kubwa ilikaa kiti cha mbele imefungwa mkanda kama mgeni rasmi. Mfunguo mosi wa mwaka jana, mwezi wa harusi baada ya Ramadhani, turubai lilimdondoka njia ya Micheweni, na wapishi wakangojea masufuria mpaka adhana ya adhuhuri. Tangu siku hiyo watu walianza kumtaja bwana mmoja wa Chake mwenye lori. Bila ya gari ya pili, rahisi, yenye nyuma pana, kazi iliyosomesha wanawe wanne ingemponyoka, na Bi Mwanapili alilijua hilo na likamtia hofu.

Basi akaanza kutafuta. Gari ya kwanza ilikuwa imepakwa rangi mpya.

"Inaficha nini?" akauliza, akaikataa.

Ya pili ilikuwa na rangi ile ile ya zamani, imechujuka. "Asiyeshughulika na rangi, injini ataishughulikia?" Nayo akaikataa. Ya tatu mwenyewe alikuwa mcheshi mno. Fundi Zubeir, aliyekuwa akimkagulia, mwanzo alikuwa akicheka. Ilipofika gari ya tano akaacha kucheka, na ya saba akaomba udhuru kwamba ana mgeni.

Ndipo akaja Shaame. Huyu alikuwa mchuuzi wa samaki kutoka Tumbe, mtu wa makamo, mpole, na aliileta gari yake mwenyewe mpaka uwanjani kwa Zubeir. Ilikuwa keri nyeupe, kile kigari kidogo cha mizigo chenye boksi nyuma. Zubeir akaingia chini yake, akatoka, akafungua boneti, akasikiliza injini.

"Bi Mwanapili, hino chukua. Sijaona keri imetunzwa namna hino."

"Na bei?"

Shaame akaitaja. Ilikuwa karibu nusu ya bei ya sokoni. Mtu mwengine angesema alhamdulillahi. Bi Mwanapili akarudi hatua moja nyuma. Akamtazama Zubeir, akamtazama Shaame, akawaona wamekula njama.

"Mbona rahisi?"

"Nataka iondoke tu, bi mkubwa."

"Iondoke kwa nini?"

Shaame akainama, akapangusa vumbi kwenye taa ya mbele. Hapo Bi Mwanapili akawa kashajibiwa. Akazunguka, akafungua mlango wa nyuma, akajitayarisha kwa vumba. Gari ya mchuuzi wa Tumbe, miaka imebeba changu na vibua, utataka inuke nini? Lakini vumba hamna. Ilinukia karafuu, tena karafuu nzito, kama ghala.

Kila Mpemba anajua maana ya gari inayonukia karafuu na mwenyewe hana shamba. Karafuu huuzwa vituoni, kwa Serikali. Anayezipenyeza ng'ambo kwa magendo akikamatwa, na gari inakwenda. Bi Mwanapili akaiona keri imefungiwa uwanja wa polisi, na yeye mtu mzima, mama wa watu wanne, anaulizwa maswali na kijana mwenye kalamu. Akapanda ndani. Chini akakuta sakafu ya mbao, mpya, imeinuliwa juu ya bati, na kati ya mbao na bati kuna uwazi. Akatia mkono humo kwa ubavuni, akapapasa, akavuta. Mkono ukatoka umejaa.

"Magendo!" akapiga ukelele. "Gari ya magendo hino! Mnataka kunitia pingu na utu uzima wangu!"

Palikuwa na wanaume watano au sita wakingojea pikipiki zao zitengenezwe. Wote wakageuka. Mmoja akatoa simu. Wawili wakaondoka haraka kuelekea sokoni, na neno lile wakaondoka nalo. Zubeir akajishika kichwa.

Shaame hakupandisha sauti.

"Bi Mwanapili," akasema, "hebu fumbua mkono utazame."

Akafumbua. Mkononi mlikuwa na makonyo, vile vijiti vikavu vinavyobaki karafuu ikishachambuliwa. Bi Mwanapili alichambua karafuu utoto wake wote, kwa bibi yake, mpaka vidole vikawa vyeusi. Gizani angeweza kutenga karafuu na konyo. Na leo, jua la saa nne, ameshika makonyo na kuyaita karafuu. Nani avushe makonyo?

"Mama yangu aliumwa nyonga," Shaame akasema. "Kukaa hawezi, kupinda mguu hawezi. Kila wiki namtoa Tumbe namleta hospitali kuno Wete. Nikapiga mbao ili godoro lilale sawa. Lakini vumba lilikuwa likimtapisha, maskini, njia nzima. Nikawa nachemsha makonyo, naoshea gari, na mengine nayasambaza chini ya mbao. Akasema sasa yanukia kama kwao."

"Yuko wapi mama?" akauliza Bi Mwanapili, ingawa alikwishajua.

"Leo siku ya kumi na mbili. Kila nikifungua mlango ule namsikia yeye. Samaki siwezi tena kumpakia humu." Akazigusa mbao kwa kiganja. "Hitima yake tulipikia masufuria yako, ndugu zangu ndio waliokuja kuyakodi. Nikasema, hino gari nimpe Bi Mwanapili kwa bei ndogo, ibebe vyombo vya hitima na maulidi za watu, thawabu zimwendee mama. Ndiyo bei uloiuliza."

Bi Mwanapili akashuka. Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Vijiko vya watu alivihesabu miaka ishirini, hata siku moja hakuwahi kumwambia mtu nimekosea, na sasa zamu yake ilikuwa imefika.

"Nihalalishie, mwanangu," akasema mwisho. "Nimekukosea."

Shaame akautoa ufunguo mfukoni, akamtilia kiganjani.

"Gari chukua kwa bei ile ile. Nilishanuia, na niya siirudishi. Mie pia umenikosea, nimekusamehe. Lakini aliyekuwa akilala humu ni mama. Hilo neno ulilolipigia ukelele, kamwombe radhi yeye."

Akaondoka kwa miguu kuelekea stendi. Bi Mwanapili akabaki amesimama mbele ya gari aliyoitafuta miezi mitatu, ufunguo mkononi. Hata kaburini asingeweza kwenda kumwomba, maana kwao wanawake hawaendi makaburini.